Magofu, Mahame na Ukomo wa Ustaarabu katika Bunilizi za Kisayansi: Mafunzo kutoka Simiyu

1. Utangulizi

Bunilizi ya kisayansi ni utanzu wa fasihi unaojenga ulimwengu ambao haujawahi kuwapo, lakini ambao ungeweza kuwapo, kwa kufuata mantiki ya sayansi na teknolojia. Katika utanzu huo, gofu limekuwa nyenzo ya kawaida tangu H. G. Wells alipochapisha The Time Machine mwaka 1895, riwaya ambayo msafiri wake anakuta jumba la makumbusho lililoachwa ukiwa katika zama za mbali zijazo. Kwa upande wa Kiswahili, riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, ilithibitisha kwamba lugha hii inamudu safari ya chombo kinachompeleka mhusika katika ulimwengu mwingine. Makala hii inatetea hoja kwamba gofu katika bunilizi huwa na thamani pale tu linapobeba sababu ya kuachwa kwake, na kwamba mwandishi wa Bariadi, mkoani Simiyu, anazo sababu hizo karibu naye, hata pale ambapo hapana ukuta wa jiwe.

2. Gofu kama ushahidi

Gofu ni jengo lililobomoka ambalo sehemu yake ingali imesimama, na kila sehemu iliyosalia hueleza riziki ya waliolijenga. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14 katika utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina bwawa la pembe nane na vyumba vinavyozidi 100, anasa iliyowezekana kwa sababu Kilwa ilikuwa na mkono katika biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala. Wareno waliuteka mji huo mwaka 1505, lakini nguvu yake ilikuwa imefungamana na njia za bahari, na njia hizo zilipoingia mikononi mwa wengine, matumbawe na chokaa havikutosha kuulinda.

Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, inatoa somo la aina nyingine. Hapo, kati ya karne ya 15 na ya 18, wakulima walichimba mifereji, wakapanga mawe kuzunguka mashamba yao na kuigawa mito midogo katika nchi kame, kisha wakaondoka. Kupungua kwa maji ni mojawapo ya sababu zinazotajwa na watafiti. Kilwa ilitegemea biashara na Engaruka maji, na kwa hiyo mwandishi anayechora sayari yenye magofu hana budi kujua kwanza sayari hiyo ilitegemea nini.

3. Mahame ya Simiyu

Mahame ni mahali palipokuwa na makazi ya watu kisha pakahamwa. Nyumba za Usukuma za miti, udongo na nyasi hurudi ardhini upesi, na kinachobaki ni ua wa minyaa ulioendelea kukua bila mwenyewe, jiwe la kusagia lenye shimo lililochimbwa na mikono ya vizazi kadhaa, vigae vya vyungu, na mahali palipokuwa zizi, ambapo majani hustawi kwa sababu ya samadi ya zamani. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliongeza mahame ya aina hii, kwani watu walihamishwa kutoka kaya zilizotawanyika na kupelekwa katika vijiji vya pamoja. Kabla ya hapo, mwaka 1963, utawala wa watemi, yaani watawala wa jadi, ulikuwa umefutwa kisheria, lakini Kisukuma, ngoma na koo za waliotawaliwa zimeendelea kuishi. Hapa ndipo penye mchango wa Simiyu kwa utanzu huu: mfumo unaweza kufa ilhali watu wake wamehama tu, wakiwa na mbegu, mifugo na majina yao.

Hata maumbile hayadumu katika sura moja. Ziwa Victoria, linalopakana na wilaya ya Busega mkoani humo, lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita kisha likajaa tena, jambo linaloonyesha kwamba kuwaza mji wa baadaye kwenye kitako cha ziwa kavu hakukiuki mantiki ya sayansi.

4. Mapendekezo

Mwandishi anayeiweka hadithi yake Simiyu ya mwaka 2500 anashauriwa kuvipima vitu kwa uimara wake. Tuta la reli linalopita Malampaka na vyuma vya kinu cha kuchambua pamba vitadumu kuliko kuta za matofali mabichi, na msomaji ataelewa kutokana na vitu hivyo kwamba hapa palikuwa na zao lililouzwa mbali, na kwamba siku moja lilikosa mnunuzi au mvua. Aidha, inafaa mwandishi awafuatilie waliohama, kwa kuwa hadithi inayoishia kwenye kifusi huacha nusu ya historia.

Kazi hiyo haiwezekani bila kumbukumbu. Wazee wanaojua nani aliishi katika mahame gani na kwa nini aliondoka wanapungua, na shule za sekondari za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega zinaweza kuwatuma wanafunzi kuandika maelezo hayo kijiji kwa kijiji. Kumbukumbu hizo zitamfaa mwanahistoria, na zitampa mtunzi wa bunilizi sababu za kweli za kuinuka na kuanguka kwa jamii anazozibuni.