Kupimwa Kibofu



Huku kwetu Msowero, wilaya ya Kilosa, mkulima wa mpunga hushinda majini. Palipo na maji yatuamayo yenye konokono, huenda pakawa na vijidudu vya kichocho, nao hupenya ngozi. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, ndiye aliyemgundua mnyoo wake mjini Cairo, mwaka 1851. Damu ikaonekana mwishoni mwa mkojo, vijana hunyamaza, na wazee pia. Nao ugonjwa ukikaa miaka mingi waweza kuzaa saratani ya kibofu.

Kinachowazuia wengi wasiende kupimwa ni haya. Lakini kipimo cha kwanza hakina hata sindano: ni mkojo tu, nao wafaa kutolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwani ndipo mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Omba mahali pa faragha, wala usitoe haraka, maana matone ya mwisho ndiyo yenye habari.

Pengine daktari atataka kukitazama kibofu kwa ndani. Hapo ndipo watu hutoroka! Mwaka 1879 Maximilian Nitze alionyesha mjini Vienna chombo cha kazi hiyo: mrija wa chuma mgumu, wenye taa ya waya uliopozwa kwa maji. Siku hizi iko mirija membamba ipindikayo, nayo haiumizi sana kama ile migumu. Uliza hospitali inao upi.

Tena uliza mengine, kabla hujalala kitandani. Dawa ya ganzi iliyo kama ute hutiwa katika njia ya mkojo. Yataka dakika kadhaa ishike, basi mwombe mpimaji asubiri. Mwanamke aweza kuomba muuguzi mwanamke awepo. Omba shuka ya kujifunika. Kama pana kioo cha kuonyesha picha, wako wapendao kutazama, na wako wageuzao uso; sema upendalo. Mrija upitapo, pumua polepole, ulegeze mwili kama mtu akojoaye. Ukikaza misuli utaumia zaidi. Na ukizidiwa, sema “ngoja”. Mpimaji mwema hachukizwi na neno hilo. Mimi ningemshuku achukizwaye.

Baadaye mkojo huwasha siku moja au mbili, pengine na damu kidogo. Kunywa maji mengi. Ukipata homa, au mkojo ukikataa kutoka, rudi hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku.