Faili Liko Wapi? Mada kuhusu Mpangilio wa Kazi katika Ofisi za Thika na Ruiru



Niliombwa nizungumzie jinsi mfanyakazi anavyoweza kuongeza tija na kupanga kazi yake. Tija ni kazi iliyokamilika ikilinganishwa na muda na nguvu zilizotumika. Mpangilio ni kila kitu kuwa mahali pake. Mengine mnayajua: andika orodha asubuhi, anza na gumu, weka simu kando. Wenzetu wa hospitali za Tanzania hufundishwa utaratibu wa Kijapani kwa maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Unafaa ofisi yoyote. Sitakaa hapo, kwa kuwa karani anaweza kuyatimiza yote hayo na bado akashinda siku nzima akitafuta faili moja.

Tatizo ninalopigana nalo miaka mingi ni faili linalotoka masjala bila kuandikwa. Sitaji ofisi yoyote, na maoni haya ni yangu, si msimamo wa idara. Afisa hupiga simu: "Niletee lile faili la ploti." Mjumbe hulibeba. Daftari la mwendo wa mafaili liko palepale, kalamu imefungwa kamba, lakini mkubwa ana haraka na karani hathubutu kumwomba atie sahihi kwanza. Afisa akimaliza, humpa mwenzake wa mlango wa pili. Huyo ana kikao Kiambu, basi hulifungia kwenye droo na kuondoka na ufunguo. Mwananchi aliyefunga duka lake mtaani Kimbo ili aje kuhudumiwa huambiwa, "Njoo Alhamisi." Alhamisi inafunguliwa nakala, wanaiita faili la muda. Ploti moja sasa ina mafaili mawili, na risiti ziko katika lile lisiloonekana.

Kwetu mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa mipaka ya utawala imebadilika na watu wameongezeka. Ruiru ilikuwa ndani ya Wilaya ya Thika. Gatanga pia ilikuwa humo, na leo iko Kaunti ya Murang'a. Mwaka 2013 mabaraza ya miji yalifikia mwisho, kaunti zikaanza kazi, na kumbukumbu zikapata mwenyewe mpya. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini Ruiru, zaidi ya mara mbili ya wale wa 2009. Kila shamba linalokatwa viwanja huzaa mafaili mapya.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inatupa siku 21 kumjibu mwananchi, na saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Inataka pia kumbukumbu ziingizwe kwenye kompyuta. Naunga mkono takwa hilo. Lakini faili ambalo karatasi zake hazina nambari, ukilipiga skani, fujo yake inahamia kwenye skrini.

Napendekeza, kwanza, faili lisitoke masjala bila sahihi, hata likiombwa na mkuu wa idara. Pili, kila karatasi ipewe nambari siku inapoingia. Tatu, kila Ijumaa karani apite ofisi kwa ofisi na daftari lake akikagua meza na droo, na apewe barua ya kumruhusu. Nne, faili linalosafiri kati ya Thika, Ruiru na Kiambu liandikwe linakotoka na linakofika. Tano, faili la muda lisifunguliwe bila idhini ya maandishi, na la asili likipatikana yaunganishwe siku hiyohiyo. Sita, afisa anayehamishwa akabidhi mafaili kwa maandishi kabla ya kuondoka. Saba, masjala isiwe mahali pa kumtupa aliyekosana na bosi: karani wake apate mafunzo na nafasi ya kupandishwa cheo. Nane, na hapa narudia kwa makusudi, faili lisitoke bila sahihi.

Mapendekezo haya hayahitaji bajeti mpya, isipokuwa mafunzo ya makarani. Wakuu wa idara mlio hapa, nawaomba mkirudi ofisini muwe wa kwanza kutia sahihi, kabla karani hajalazimika kuwaomba.