Kununua motokaa kuukuu: tazama chini kwanza, rangi baadaye

Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, mkaguzi wa mabehewa, mbele ya mkutano wa wanachama wakaao Mishomoroni.



Katibu aliniita akaniambia, "Wewe sema nao habari za motokaa, maana kila fomu ya mkopo inayopita mezani kwangu imeandikwa gari." Ni kweli. Mtu ana mke, watoto watatu na mama mzazi, na usiku mtoto akishikwa na homa hapa Mishomoroni wakati wa mvua, tuktuk hataki kuingia ndani. Simlaumu anayetaka gari. Nataka tu asiuziwe maradhi.

Mimi si injinia. Masomo yangu yalikoma darasa la nane katika shule ya misheni, na kazi yangu mnaijua: nazunguka mabehewa na nyundo, nagonga magurudumu, natazama breki, springi na vifungo, kisha nasema hili liende, hili likatwe libaki. Gurudumu zima likigongwa hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama sufuria. Behewa likiwa limepakwa rangi mpya sisi hatuliamini zaidi kwa sababu hiyo.

Lakini kwanza niungame mbele yenu. Mapema mwaka 2024 ndugu mmoja wa zamu yangu alichukua mkopo wa sacco akanunua Toyota Premio katika yadi moja hapa mjini. Jina lake sitalitaja, wala la yadi. Wadhamini tulikuwa watatu, na mimi ni mmoja wao. Siku ya kulichukua alinibeba nikamtazamie, kwa kuwa mimi ni mkaguzi. Sasa, ndugu zangu, mkaguzi alifanya nini? Alilizunguka gari mara moja, akasifu rangi, akakaa kiti cha nyuma akaona miguu inapata nafasi, akasikiliza redio. Tulikuwa tumetoka harusini, nimevaa shati jeupe, nikaona haya kulala chini. Basi sikutazama chini.

Mwezi wa nne taa za dashibodi zikaanza kuwaka zenyewe. Kisha giaboksi ikatetemeka kama mtu mwenye homa. Fundi wa stima alipoinua zulia alikuta matope makavu, na nyaya zimeota kutu ya kijani. Gari lile lilikuwa limelala majini. Mnakumbuka mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023, jinsi maji yalivyojaa Mombasa yetu na pwani nzima. Sijui lilizama wapi, lakini lilizama. Ndugu yetu alitengeneza, akachoka, akaliuza kwa hasara, mwaka uliofuata akaacha kazi akaenda kwao. Deni halikuacha kazi. Likaja kwetu wadhamini, na katika karatasi yangu ya mshahara limo mpaka leo. Shati lile jeupe limenigharimu kuliko suti ya mkurugenzi.

Basi sasa tuseme juu ya gari lenyewe.

Zamani baba zetu wakistaafu walitamani Peugeot 504, na walikuwa na haki, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 halikuogopa barabara ya Kisauni. Siku hizi anayetaka gari la jamaa la wastani hutafuta Premio, au ndugu yake Allion, maana ni gari moja lenye nyuso mbili. Ninalosifu mimi ni lile la umbo lililotoka mwaka 2007, la cc 1500. Namba ya chasisi yake huanza na NZT260. Ukiona ZRT260 hilo ni la 1800, na ushuru na mafuta yake ni mengine. Injini ya cc 1500 inayoitwa 1NZ hutumia mnyororo badala ya mkanda wa mpira, na ndiyo ile ile iliyomo katika Probox zinazokimbiza miraa. Kwa hiyo hakuna gereji hapa Bamburi wala Kongowea itakayoshangaa ukiifungua boneti, na spea zipo, za dukani na za kuvuliwa katika gari jingine. Hiyo kwangu ni sifa kubwa kuliko viti vya ngozi.

Wenye watoto wawili tu, Toyota Axio inatosha, na bei hupungua. Nissan Sylphy ni pana, imetulia, na mara nyingi ni nafuu kuliko Premio ya umri ule ule. Lakini uliza kwanza spea zake hapa Mombasa, na ujue siku ya kuiuza utabembeleza wanunuzi. Mimi binafsi siichukui.

Wako wanaosema agiza mwenyewe Japani. Haya, lakini ujue sheria. Gari lisiwe limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na likaguliwe huko huko kabla ya kupakiwa melini. Kiwanda kiliacha kutengeneza Premio mwaka 2021, kwa hiyo zinazoruhusiwa kuingia zinapungua kila mwaka, na bei inapanda. Premio changa iliyoshuka Kilindini inapita milioni 2 hata kabla hujaiwekea namba. Tena KRA haitazami bei uliyonunulia wewe. Ina orodha yake ya bei, hupunguza kwa umri wa gari, kisha hutoza juu ya hapo: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16, na mengineyo. Mmojawapo sisi tunaujua vizuri, Ushuru wa Maendeleo ya Reli, ulioanzishwa mwaka 2013 ili kujengea reli mpya. Kwa hiyo hata anayeikimbia treni anatuchangia.

Mimi nasema wazi: kwa mshahara wetu, gari lililokwisha kutumika hapa Kenya, la mwenyewe unayeweza kufika kwake ukaona linapolala, ni bora kuliko jipya la yadi lenye deni la miaka sita. Kama mtu ana pesa mkononi, hiyo ni habari nyingine.

Sasa ukaguzi. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Mwambie mwenye gari asiliwashe mpaka ufike, na ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo anakuficha. Washa, uende nyuma utazame moshi. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Mweupe unaoendelea hata injini ikiisha kupata moto maana yake maji yanaingia pasipo pake. Kabla ya kuwasha fungua kifuniko cha oili. Ukiona uji kama wa maziwa, mshukuru mwenye gari na uende kunywa chai.

Maji ya mvua huyatafuta hivi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, maana watu huosha mkanda unaoonekana, ule uliojikunja ndani hawaukumbuki. Ukiona mstari wa tope, basi. Inua zulia chini ya kiti cha dreva, tazama reli za kiti kama zimeshika kutu. Toa tairi ya akiba utazame shimo lake. Tazama taa za mbele kama zina ukungu ndani. Funga vioo vyote ukae dakika tano unuse. Haya yote hayahitaji cheti, ningeyafanya siku ile kama si shati.

Kisha lala chini. Chukua gunia, lala. Hapa kwetu pwani chumvi ya hewa hula chuma kutoka chini kwenda juu, na gari lililolala karibu na maji miaka mitano linaweza kung'aa juu na chini likawa biskuti. Gonga kwa mpini wa bisibisi, polepole, pembeni mwa chasisi na chini ya milango. Masikio yenu yatawaambia, chuma kizima na chuma kilicholiwa havilii sauti moja. Juu ya bodi pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Mahali isiposhika, pana pati, na penye pati paligongwa. Tazama vichwa vya bolti za madigadi na boneti. Zikiwa zimekwaruzwa rangi, spana ilipita hapo, na uulize kwa nini.

Namba ya kilomita msiiamini sana. Saa ile hurudishwa nyuma na vijana, sisemi wapi. Tazama usukani, mpira wa pedali ya breki, na kiti cha dreva. Kilomita 60,000 haziwezi kuula mpira wa pedali mpaka chuma kionekane. Gari lililotoka Japani karibuni huwa na karatasi ya mnada: alama 4 au 4 na nusu ni nzuri, 3 na nusu lina makovu, na herufi R maana yake liligongwa likatengenezwa. Muuzaji akisema karatasi imepotea, mwambie hutaki haraka, utangoja aitafute.

Giaboksi niiseme peke yake, kwa maana ndiyo iliyotula sisi wadhamini. Ya Premio hizi ni ya CVT: ndani kuna mkanda wa chuma unaopanda na kushuka badala ya gia zenye meno tulizozizoea. Inataka mafuta yake yenyewe ya CVT. Fundi wa njiani akitia mafuta ya giaboksi nyingine ili kuokoa shilingi elfu mbili, ameiua. Uliza mafuta yalibadilishwa lini na risiti iko wapi. Kisha weka mguu kwenye breki, tia D, tia R. Gari lisiruke, lisikawie. Lipeleke barabarani na watu wanne ndani, upande nalo kutoka Kibarani kwenda Changamwe. Likitetemeka katika kupanda, au injini ikilia na gari lisiende, shuka.

Pia Premio ni fupi ya miguu. Matuta ya njia zetu hizi hulikwangua tumbo. Wengi huweka speisa juu ya springi ili kuliinua, na wanaoziweka nyingi mno huumiza viungo vya magurudumu ya mbele. Kata usukani mpaka mwisho, uende polepole ukizunguka. Ukisikia tak-tak-tak, hesabu pesa hiyo katika bei.

Karatasi. Hapa ndugu wengi wanalia. Tafuta habari za gari katika NTSA kwa njia ya eCitizen, kabla hujatoa hata shilingi ya mkono. Jina likiwa la mtu pamoja na benki, deni bado lipo. Na hata jina likiwa moja, ulizia katika daftari la serikali la dhamana za mali, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2017, maana watu hukopa kwa logbuku. Lingana namba ya chasisi iliyoandikwa na ile iliyopigwa katika chuma, kwa macho yako mwenyewe. Kuhamisha jina huanzwa na muuzaji, wewe ukakubali. Anayesema "lipa kwanza, tutabadilisha wiki ijayo" mwache na wiki yake.

Sasa hesabu, na hapa naomba akina mama wasikie. Kutoka hapa, daraja la Nyali, Makupa, mpaka Changamwe na kurudi si chini ya kilomita 25. Katika foleni zetu lita moja itakupa kama kilomita 12. Basi ni lita 2 na zaidi kwa siku. Mwaka 2025 lita ya petroli hapa Mombasa ilipita shilingi 170. Siku 26 za kazi ni karibu shilingi 9,000, hujaenda hata Bamburi kumtazama shangazi. Ongeza bima, oili, tairi. Ile bima ya chini inayotakiwa na sheria humlipa uliyemgonga, gari lako hailigusi. Hesabu hii iandike kabla ya fomu ya mkopo. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 haimruhusu mwajiri kukukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara, lakini hiyo theluthi moja inayobaki ndiyo ya kodi ya nyumba, unga na ada.

Na wewe unayeombwa udhamini, unayo haki ya kuliona gari. Mwenzako akikasirika, akasirike leo. Mimi nilipokwenda kununua langu mwaka jana niliwachukua wadhamini wangu wote watatu mpaka Kiembeni kwa mwalimu mmoja mstaafu. Nilikuwa nimekwisha kuyakataa magari mawili, moja kwa pati, moja kwa jina la benki. La mwalimu lilikuwa la mwaka 2009, rangi imepauka, kioo cha pembeni kimoja kimeibwa. Tulililalia chini wote wanne. Tulikuta kutu kidogo chini ya mlango wa nyuma na bushi zimekwisha, mwalimu akapunguza shilingi 60,000 bila ugomvi, na akatupa daftari lake la oili, kila tarehe kwa mkono wake. Halipendezi. Watoto wangu huliita Mzee. Linakwenda.

Bwana Mwenyekiti, naona chai imefika. Jumamosi nitakuwa nyumbani tangu saa moja asubuhi, nina gunia, sumaku na bisibisi. Mwenye gari analotaka litazamwe aje nalo, injini ikiwa baridi kama inawezekana, na yeye mwenyewe asivae shati jeupe.