Kabla ya Kupanda Bonde la Barranco
(Mazungumzo ya mpagazi wa zamani na wanakisomo)

Nasikia baadhi yenu mnataka kwenda kubeba mizigo Kilimanjaro msimu huu. Vizuri. Lakini nani kati yenu amekwisha kulala Barranco?

Barranco ni bonde lililo upande wa kusini wa mlima. Kambi yake iko karibu mita 4,000 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua linachoma, usiku maji ya chupa yanaweza kuganda. Hakuna duka, hakuna nyumba ya kulala wageni. Usichokibeba, huna.

Basi mpango uanze nyumbani. Kwanza ulizeni njia. Ukipitia Umbwe, unaweza kufika Barranco siku ya pili. Njia fupi, inapendeza masikioni! Ukipitia Machame, unafika siku ya tatu, umekwisha kulala Machame na Shira. Mimi nasema Machame. Siku hiyo ya tatu unapanda hadi Lava Tower, kama mita 4,600, halafu unashuka kulala bondeni. Mwili unaonjeshwa juu, unapumzishwa chini.

Kwa nini? Huko hewa ni nyepesi. Pumzi moja ya Barranco ni kama sehemu sita katika kumi za pumzi ya pwani. Mwili unataka siku za kuzoea. Msiseme, "Mimi mtoto wa mlimani, nimezaliwa Kibosho." Kibosho si Barranco.

Safari yangu ya kwanza nilivaa raba na sweta moja. Tulipofika Shira kichwa kiliuma, nikanyamaza kwa kuogopa kukatwa ujira. Barranco nikaanza kuyumba kama mlevi, nasema maneno yasiyoeleweka. Mwenzangu mmoja hakungoja asubuhi. Alinishika mkono, tukateremka usiku kwa tochi. Kufika msituni, kichwa kikafunguka. Ujira wa siku zilizobaki sikuupata, na nilinung'unika mwezi mzima!

Kwa hiyo shikeni hili. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, mwambie kiongozi, wala usipande zaidi. Ukiyumba, ukichanganyikiwa, au ukikosa pumzi hata umekaa, teremka mara moja, iwe usiku au mchana. Mgonjwa asiteremke peke yake.

Mzigo wa mpagazi ni kilo 20, mwisho. Hupimwa kwa mizani getini. Akitokea mtu kukuongezea baada ya mizani, mwambie mrudi wote mkapime tena.

Na vitu vyako mwenyewe: koti la mvua, sweta mbili, kofia, glavu, viatu vigumu, tochi na betri za akiba, soksi kavu za kulalia tu. Usichonacho, azima sasa kwa jirani, si getini.

Haya, fungueni madaftari, mviandike. Nitawangoja.