Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Deni Ambalo Halimo Daftarini

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wale wenzetu waliotangulia mbele ya haki, Mungu awalaze mahali pema.

Ndugu Mgeni Rasmi, miaka kumi si mchezo. Tulipoanza mwaka 2015 wapo waliosema wanawake hawa watagombana hata Ramadhani haijafika. Leo sanduku lipo, makufuli yake matatu yapo, na wenye funguo tunao hapa hapa. Habari za hisa, mikopo na gawio mtazisoma katika taarifa ya mweka hazina. Sisi leo tunataka kuzungumza juu ya deni moja ambalo halimo katika daftari lake.

Hakuna aliyesahau tarehe 4 Mei 2024. Mvua ilikuwa imenyesha kupita kiasi, na ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti walikuwa wameshakumbwa na mafuriko mwezi Aprili. Ndipo kikaja kimbunga Hidaya. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika kule Somanga, magari yakalala njiani, na bidhaa zikapanda bei. Wazee wanatuambia kimbunga si kitu kigeni kabisa, maana kipo kile kilichoipiga Lindi mwaka 1952. Ni kweli. Lakini wataalamu wanatueleza kwamba bahari ikizidi kupata joto, vimbunga hupata nguvu zaidi na mvua huwa kubwa zaidi. Na mwaka huo huo wa 2024 ndio uliokuwa wa joto kuliko yote tangu watu waanze kupima.

Baada ya kimbunga tulitembea ufukweni kuangalia hasara. Jamani, tuseme kweli, tulichokiona kilitutia aibu. Kule ambako mikoko imebaki minene, mawimbi yalifika yamechoka. Pale ambapo mikoko imekatwa, maji yaliingia mpaka kwenye minazi, na kisima cha karibu maji yake yakawa na chumvi. Tukatazamana. Maana pale tunapajua nani alikata, na tunajua fedha ya kukatia ilitoka wapi. Ilitoka katika sanduku letu.

Ndiyo, akina mama. Tumekopeshana kwa ajili ya kuchemsha chumvi, na kuni zikawa mikoko. Tumekopeshana kwa ajili ya mkaa wa kupeleka mjini. Tumekopeshana kwa ajili ya kufyeka msitu tulime ufuta. Fomu ya mkopo inauliza utarejesha lini. Haiulizi mti utarejeshwa lini. Marejesho yalikuja vizuri, tukapiga makofi, na kumbe kuna mwingine alikuwa anatudai kimya kimya.

Hebu tupige hesabu kama tulivyozoea. Kupata kilo moja ya mkaa kwa tanuri letu la udongo, zinateketea kama kilo tano hadi kumi za kuni. Hakuna mwanachama atakayekubali hasara ya namna hiyo dukani kwake. Na mkoko si kuni tu. Mizizi yake hushika tope, hupunguza nguvu ya mawimbi, na ndani yake kamba na samaki wadogo hukulia. Tena wataalamu wanasema mikoko na tope lake huhifadhi hewa ukaa nyingi kuliko msitu wa bara wa ukubwa ule ule. Tukiikata, ile hewa hurudi angani kuzidisha joto.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunajua lipo swali, na katika mkutano wetu liliulizwa kwa sauti kubwa: kwani sisi ndio tulioharibu dunia? Wenye viwanda na magari mengi wako mbali, na Afrika nzima hutoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa. Hilo ni kweli, na hatutaki mtu alifiche. Nchi tajiri ziliahidi mwaka 2009 kwamba kufikia mwaka 2020 zitakuwa zinatoa dola bilioni 100 kila mwaka kusaidia nchi maskini katika jambo hili. Kwa hesabu zao wenyewe, ahadi ikatimia mwaka 2022. Katika kikundi chetu anayechelewa marejesho hulipa faini. Wao nani amewatoza?

Basi wadaiwe, na viongozi wetu waendelee kuwadai. Lakini jirani akikataa kulipa deni lake, lako halifutiki. Aliyekata mikoko ya hapa si mtu wa Ulaya. Na bahari ikija haiulizi mwenye kosa ni nani, inaingia katika nyumba iliyo karibu.

Tena tusijidharau kwamba sisi ni wanawake wa kijijini. Mama Wangari Maathai wa Kenya alianza mwaka 1977 na akina mama wa vijijini, wakiotesha miche kwa mikono yao. Ile harakati ya Green Belt ikapanda miti kwa mamilioni, na mwaka 2004 mama yule akapewa Nishani ya Amani ya Nobel. Haba na haba hujaza kibaba. Sisi wenye hisa tunalijua hilo kuliko wengi.

Sasa tunafanyaje? Hapa ndipo palipo pagumu. Wapo waliotaka tangu leo anayechoma mkaa asipewe mkopo, basi. Lakini miongoni mwetu yupo mwenzetu aliyesomesha watoto wanne kwa mkaa, mume hana. Alisimama akasema, "Mkinifungia sanduku, watoto nitawapikia majani ya mikoko?" Tukanyamaza wote. Hatuwezi kumwambia mwenzetu aache mkaa halafu tukamwacha na njaa. Huko si kutunza mazingira, huko ni kumtupa mtu.

Kwa hiyo, baada ya mikutano mitatu, tumekubaliana hivi. Mwaka huu tunaanza na mkopo wa kubadili kazi: mizinga ya nyuki, kuku, majiko banifu ya kuuza, au kuanika chumvi juani, mahali pasipo na mikoko, badala ya kuichemsha. Anayeacha mkaa ndiye atakayetangulia katika foleni, na muda wake wa kurejesha utakuwa mrefu zaidi. Baada ya mwaka mmoja, mkopo wa mkaa na wa kukata mikoko utafungwa. Pia tutakopeshana mitungi ya gesi. Serikali imeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Sisi tunaunga mkono, ila tunaomba bei ya kujaza mtungi itazamwe, maana mtungi mtupu jikoni ni pambo tu.

Mikoko tutaendelea kupanda kila bamvua, maji yakipwa. Mwaka jana mingi ilikufa kwa sababu tulichomeka tu popote. Sasa tumejifunza kwamba kila aina ina mahali pake kufuatana na maji yanavyojaa. Na tunaiomba serikali ya kijiji itumie Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ili msitu wetu wa bara utangazwe kuwa hifadhi ya kijiji, wenye ulinzi wawe wanakijiji wenyewe.

Ndugu Mgeni Rasmi, dawa ya deni ni kulipa. Miaka kumi hakuna mwanachama aliyezikimbia fedha za wenzake. Tusiwe watu wa kuwakimbia wajukuu wetu.

Akina mama, hoyee!