Nyumba ya bibi bado ipo: mazungumzo na vijana wa Nyamwage

(Niliyasema haya kwenye kikao chetu cha vijana Nyamwage. Nimeandika kama nilivyozungumza, nimepunguza salamu tu.)

Ndugu zangu, nimeambiwa niwafundishe kuhutubia. Mimi bado nasoma sheria, sijawahi kugombea hata ujumbe wa mtaa, kwa hiyo nitawaambia nilichoharibu mwenyewe.

Baada ya mafuriko ya 2024 nilisimama kwenye mkutano kijiji cha jirani nikiwa na karatasi tatu za takwimu. Kaya ngapi, ekari ngapi, bajeti ya maafa. Dakika ya tano wazee wameanza kuongea yao. Halafu akanyanyuka bibi mmoja, akasema mpunga wake ulikuwa umeshachanua, akaenda asubuhi akakuta maji tu, na lile dungu alilokuwa analala kulinda ndege limeondoka na sufuria yake ndani. Basi. Alikaa chini. Uwanja mzima kimya.

Mnajua nilifanya nini? Nikaichukua ile habari nikaenda kuisema mkutano mwingine. Ila dungu nikaona dogo, watu wa mjini hawatalielewa, nikasema nyumba yake ilisombwa. Nilipigiwa makofi, jamani! Wiki mbili baadaye nakutana naye. Shikamoo bibi. Marahaba. "Mjukuu wangu, nyumba yangu bado ipo. Watu wananiuliza nimejenga lini, nani kanipa bati."

Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa angalieni hasara yake. Sisi tunauliza kuhusu maji yaliyofunguliwa bwawa la Julius Nyerere na taarifa waliyopewa watu wa huku chini. Swali halali kabisa. Serikali inajibu kwamba Rufiji imefurika tangu enzi za mababu, na hilo nalo ni kweli, ndiyo maana kuna kilimo cha mlau, ndiyo maana kuna madungu. Ukienda kwenye mabishano hayo na nyumba ambayo haikusombwa, umewapa ushindi wa bure. Watamleta bibi na nyumba yake mbele ya kamera, na mpunga wake hautatajwa tena na mtu yeyote.

Kwenye ushahidi wa mdomo tunafundishwa kwamba shahidi aseme alichoona kwa macho yake. Jukwaani hakuna hakimu wa kukukatiza, ndiyo hatari yake. Na kusema kweli lile dungu lilikuwa zuri kuliko nyumba yangu ya uongo. Nyumba kila mtu anazitaja. Sufuria iliyoondoka na maji, hiyo unakwenda nayo nyumbani.

Mtaniuliza, habari moja ya bibi mmoja inatosha? Haitoshi. Anza naye, halafu toa takwimu moja, siyo kumi, halafu sema unataka nini na unamtaka nani. Na muombe ruhusa kwanza. Akikataa jina lake lisitajwe, usilitaje. Kibiti na Rufiji tumepita kwenye miaka ambayo kutajwa jina kulikuwa kitu cha kuogopa, mnakumbuka 2017, sihitaji kueleza.

Mfano wa kusoma tunao hapahapa. Bibi Titi Mohamed alikuwa muimbaji wa lelemama Dar es Salaam kabla ya siasa. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, alipita kwenye vikundi vya ngoma, kwa watu waliokuwa wanamjua tayari, akazungumza lugha yao. Maelfu wakajiunga. Lakini mwaka 1965 mwanamke huyohuyo alikosa ubunge, na jimbo lenyewe ni Rufiji hii hii. Mimi nachukua hivi: wazee wetu hawapigi kura kwa sababu umeongea vizuri. (Wengine mnaweza kubisha, tutabishana kwenye chai.)

Kuhusu urefu, sauti, mikono, hayo mtajifunza mkizomewa mara mbili tatu.

Nilirudi kule kwenye mkutano wa pili, nikasimama nikasema nilikosea, ilikuwa dungu. Makofi hayakupigwa. Mzee mmoja akauliza, "Na mpunga je, alilipwa?" Hapo ndipo mkutano ulipoanza.

Haya. Kaeni wawiliwawili, aliye upande wa Muhoro aanze. Dakika mbili, kitu ulichokiona wewe, siyo ulichotumiwa kwenye simu. Mwenzako akikuuliza "uliona?" ukasita, rudia mwanzo.