Uteuzi wa Viendelezi vya Kivinjari Pasina Kukitia Uzito



Utangulizi

Tangu kivinjari cha Firefox kilipotolewa rasmi mwezi wa Novemba 2004, kikimwachia kila mtumiaji hiari ya kukiongezea programu ndogo za kazi mbalimbali ziitwazo viendelezi, na hasa tangu Chrome nacho kilipoufungua mlango huo miaka kadhaa baadaye, watu wamezoea kupakia viendelezi kwa wingi bila ya kuvipima, kisha wakalalamika kwamba kompyuta imezeeka, ilhali aghalabu kompyuta haina kosa. Nia ya mada hii ni kubainisha kwamba uzito hutokana zaidi na upana wa ruhusa tunazovipa viendelezi kuliko idadi yake, na kwamba mwenye kuzichunga ruhusa hizo huhifadhi kwa pamoja wepesi wa kivinjari chake na siri zake mwenyewe.

Chanzo cha uzito

Viendelezi ni vya namna mbili. Kuna kile kinachokaa kimya mpaka mwenyewe akibofye, mfano wa kile cha kupiga picha ya ukurasa mzima. Na kuna kile kilichopewa idhini ya kusoma na kubadilisha data katika tovuti zote, ambacho kila ukurasa unapofunguliwa huingiza msimbo wake humo, na kukaa pamoja nao muda wote ukurasa ulipo wazi. Mwenye vichupo ishirini, basi, hukibeba kiendelezi cha namna hii ya pili mara ishirini. Ndiyo sababu kumi vya namna ya kwanza huenda visihisike kabisa, ilhali viwili vya namna ya pili, tuseme kimoja cha kusahihisha tahajia na kingine cha kulinganisha bei za maduka, vikatosha kumweka msomaji akingojea.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa kila chenye ruhusa pana ni hasara tupu. uBlock Origin, kilichoanzishwa na Raymond Hill mwaka 2014, hukagua kila ukurasa, lakini maadamu huyazuia matangazo na vifuatiliaji visipakuliwe kamwe, mara nyingi huokoa wakati na data nyingi kuliko nguvu kinayoitumia, jambo lenye manufaa bayana kwa anayenunua intaneti kwa kifurushi. Kosa ni kuweka vizuizi viwili vya matangazo, kazi moja ikatendwa mara mbili. Na ijulikane kwamba, kwa mujibu wa kanuni mpya ziitwazo Manifest V3, Chrome hakikipokei tena kiendelezi hicho kwa ukamilifu wake, ila kwa toleo jepesi, uBlock Origin Lite. Firefox kingali kinakipokea chote.

Mizani ya uteuzi

Kwanza, na tuulize kama kivinjari chenyewe hakina kazi tunayoitafuta, kwani kusoma faili za PDF, kuhifadhi maneno ya siri na kulaza vichupo visivyotumika ni mambo ambayo vivinjari vikubwa vya leo vimekwisha kuyapata.

Pili, ruhusa ilingane na kazi. Fundi aliyeitwa kutengeneza kitasa cha mlango hakabidhiwi funguo za sanduku la dhahabu. Vivyo hivyo kiendelezi cha kutafsiri neno hakina haja ya kuingia katika akaunti ya benki. Chrome humruhusu mtumiaji kuibana idhini, kiendelezi kikasoma ukurasa pale tu kinapobofywa, au katika tovuti alizozitaja mwenyewe.

Tatu, atazamwe mwenye kukitunza kiendelezi. The Great Suspender kilisifika kwa kulaza vichupo na kukipunguzia kivinjari mzigo. Mwaka 2020 kikauzwa kwa mmiliki mwingine, na mwezi wa Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa kilikuwa na msimbo wa madhara. Sifa za jana, basi, si dhamana ya leo.

Nne, tupime badala ya kubahatisha. Katika Chrome cha Windows, vitufe vya Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hudhihirisha kumbukumbu inayotumiwa na kila kiendelezi kinachofanya kazi wakati huo. Katika Firefox, huandikwa about:processes kwenye upau wa anwani. Asiyetaka hesabu hizo na afungue dirisha la faragha, ambamo kwa kawaida viendelezi havifanyi kazi bila ya idhini maalumu: kurasa zikifunguka upesi humo, hiyo ni dalili ya kutosha ya kuanza kuzima kimoja baada ya kingine mpaka mkosaji apatikane.

Hitimisho

Nasaha yangu ni kwamba kabla ya kupakia chochote mtu asome ruhusa zinazoombwa, na kila mwezi apitie orodha ya viendelezi vyake. Ambacho hakukitumia tangu ukaguzi uliopita, na akifute.